Haliishi

Nampoto kaning'iniza matairi mlangoni
kama mikate myeusi ambayo hakuna aliyeiagiza.
"Chagua, dada. Ya skuta ndiyo haya,
rimu yako ndogo kama sinia la mtoto,
Tandahimba nzima mwenye saizi hii ni mimi."

Nashika la kwanza, nalibinya kwa gumba.
Gumu. Halirudishi salamu.
"Hilo haliishi," asema, kifua mbele.
Nanyamaza. Nalijua la namna hiyo.
Machi ile, mteremko wa Mahuta,
mvua haijatimiza hata robo saa,
wakati ule vumbi jekundu linapogeuka sabuni,
tairi lisiloisha nusura linimalize mimi.
Sare kumi na nne za shule topeni,
nyeupe zote,
na goti hili, ambalo tangu siku hiyo
hutangaza mawingu kabla ya redio.

Nashika la pili. Laini, kashata za kina,
kidole kinazama mpaka kwenye kucha.
"Hilo linashika, ila linaliwa.
Lami ya Oktoba italilamba
kama barafu ya mia."

Nalipindua lile gumu, natafuta tarakimu nne ubavuni.
Shemeji yangu wa Masasi ndiye aliyenifunza:
mbili za wiki, mbili za mwaka,
nalo tairi lina cheti cha kuzaliwa.
Kiganja cha Nampoto kimetua papo hapo,
eti kwa bahati.
"Toa mkono, kaka."

Miaka saba.
Misimu saba ya korosho limeota jua mlangoni,
lina nyufa nyembamba nyembamba
kama kisigino kisicho na wa kukipaka mafuta.
"Halijatembea hata hatua moja!"
Nampoto, kwani anayezeeka ni msafiri tu?
Hata aliyekaa huzeeka, tena vibaya.
Umesema kweli, haliishi:
limeshakufa.

Vijana wa bodaboda kijiweni wanaangua kicheko.
"Mama Cherehani anachagua tairi kama anaposa!"
Nami nacheka. Ningeposa hivi zamani,
nikabinya, nikauliza mwaka,
nikatazama ubavuni penye nyufa,
leo nisingekuwa nalipa ada peke yangu.
Wao matairi yao vipara, yanang'aa,
na kipara hujitapa mpaka mvua inyeshe.

"Sikiliza. Mbele nifungie hilo laini.
Nyuma likiteleza nalirudisha kwa kiuno,
lakini mbele likiteleza
siwahi hata kumaliza bismillahi.
Nyuma nipe gumu, lenye kubeba mabunda ya vitambaa,
ila liwe la mwaka huu."
"Halipo."
Natia ufunguo.
"Ngoja."

Kumbe lipo. Chini ya kaunta, gizani,
limefungwa gazeti kama samaki wa mgeni.
Nusu nalipa leo, nusu mnada wa tatu,
wenye mashamba wakipokea zao
nami nitapokea za suruali zao.
Anaandika deni kwenye boksi la sigara,
jina langu analikosea,
namwacha.

"Upepo usijaze mpaka likaze," namwambia.
"Saa sita juani hufura lenyewe,
na mchanga wa Namikupa haupendi tairi lenye kiburi."
Ananitazama. "Dada, wewe fungua duka."
"Nikifungua, utakula wapi?"

Naondoka polepole. Mpira mpya una nta,
haujaijua ardhi, nayo haijaujua.
Njiani mabibo yamedondoka, yamepondwapondwa,
harufu tamu ya kulevya, utelezi mtupu.
Nayapita katikati, mikono imelegea,
pumzi nimeibana.
Tairi la mbele linanong'ona kitu kwa lami.

Goti limeanza kuuma.
Haya. Tuone.